Kiti cha Mvua Suruali

Mchana nikila huwa nasema "karibu" kwa kila anayepita mbele ya kibanda changu, na kila anayepita hunijibu "asante" bila kupunguza mwendo. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu akikukaribisha kwenye sahani ndogo kama ile unashukuru, unasema umeshiba hata kama tumbo linakulaani, unakwenda zako. Angekaa mmoja wao kweli, sijui ningefanya nini. Kijiko ninacho kimoja.

Mimi ni fundi wa zipu. Haya, cheka umalize. Watu wote huona si kazi ya mtu mzima, mpaka siku suruali ikifunguka mbele ya wakwe. Kibanda changu kiko kwenye kona ya soko, katikati ya mama muuza vifungo na mzee mmoja anayenoa visu, na ninatengeneza mabegi, makoti, magauni, mikoba, chochote chenye meno ya kufungana. Zipu nyingi wanazoniletea hazijafa. Ni kile kichwa chake tu kimelegea. Unakibana kidogo kwa koleo, huku na huku kwa usawa, unasugua meno kwa kipande cha mshumaa, inapanda na kushuka kama mpya. Hao wanaokung'olea zipu nzima wakubandikie nyingine ni wavivu au ni wezi. Nawajua, na wao wanajua kwamba nawajua.

Marehemu mke wangu alikuwa na magauni ya kufunga mgongoni. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alinigeuzia mgongo tu, bila neno, huku mguu mmoja ukipapasa kiatu chini ya kitanda, nami nampandishia zipu hadi shingoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kila siku. Siku hizi naamka na mikono haina la kufanya, na mgongo wangu mwenyewe ukiwasha najikuna kwa rula. Binti yetu ameolewa mbali. Hunipigia simu, huniuliza nimekula nini, nami humtajia vyakula ambavyo sijavipika. Nilikuwa mpweke, nasema waziwazi, sina wa kumwonea haya. Watu ninao, soko zima limejaa watu, lakini wote wanakuja kwa ajili ya zipu, na zipu ikishapona wanaondoka.

Basi akaja huyu mwalimu. Anafundisha hesabu shule ya sekondari, ana chaki kwenye kola hata wakati wa likizo. Aliniletea hema. Zipu ya mlango ilikuwa inapanda hadi katikati na kugoma, na ukiilazimisha inafunguka kwa nyuma. Nilipokuwa naibana akanisimulia kwamba kila mwaka shule zikifungwa yeye na wenzake wawili huenda mtoni kuvua samaki, wanapiga kambi, wanarudi Jumapili. Nikamwuliza wanavua samaki gani. Nikamwuliza mto una kina gani. Nikamwuliza na mengine ambayo hata sikutaka kuyajua, ili mradi asiondoke, na zipu nikaisugua mshumaa mara ya pili bila sababu.

Alipojitwika hema lake begani akasema neno ambalo mtu yeyote mwenye adabu angelisema.

"Karibu, bwana fundi. Twende wote Ijumaa."

Jibu lake linajulikana. Unasema asante, siku nyingine, mnacheka kidogo, mnaagana. Hata mtoto wa chekechea analijua.

"Nitakuja," nikasema. "Mnaondokea wapi?"

Uso wake ulibadilika kidogo, kisha ukarudi. Akanielekeza kwenye duka la pampu za maji mtaa wa pili, baada ya chakula cha mchana. Asije mtu akaniambia kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana kwamba ile ilikuwa karibu ya mdomoni. Lakini nilikuwa na hamu, walau kwa mwisho mmoja wa juma, ya kuwa mmoja wa watu wanaosema "sisi". Nilichokitaka kilikuwa hicho tu, na nilikitaka vibaya mno.

Ijumaa nikafunga kibanda mapema. Mama wa vifungo akaniuliza nani amefariki, kwa sababu hajawahi kuniona nikifunga mapema kwa jambo la heri. Nikabeba blanketi, mkate, mayai ya kuchemsha, na koleo langu, ambalo halitoki mfukoni hata nikienda msibani.

Kwenye duka la pampu nikawakuta wote. Mwenye duka na mwenye pikapu ni mmoja, wanamwita Kipara, na ana nywele nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ni jina la utotoni, alinyolewa vibaya siku moja, basi likamganda. Wa tatu ni muuguzi, kaka yake mke wa mwalimu. Mwalimu humwita Shemeji, kwa hiyo na wenzake wakamwita Shemeji, na nasikia hata wagonjwa wodini wanamwita hivyohivyo. Anapenda usingizi kuliko chakula. Wakanitazama mimi na blanketi langu. Kipara akamwuliza mwalimu kwa nyusi. Mwalimu akawa na shughuli nyingi na kamba.

Mbele ya pikapu wanakaa watatu. Nikapanda nyuma na mizigo.

Pale mtoni ni pazuri, sitaki kudanganya. Kuna kipande cha nyasi fupi, maji yanapinda polepole, matete yamesimama ng'ambo na ng'ambo. Wakasimamisha hema bila kuambizana lolote, huyu anashika hapa na yule anagonga pale, mazoea ya miaka. Mimi kila nilichokishika kilikuwa kinasubiriwa na mtu mwingine. Kisha wakatoa viti vya kukunja. Vilikuwa vitatu. Nikakaa juu ya boksi la barafu, na kila mtu akitaka maji ya baridi nilisimama, nikafungua, nikatoa, nikafunga, nikakaa tena, nimekuwa kama bawabu wa chupa.

Mazungumzo yao nayo yalikuwa yamekatwa mikia. Mmoja anasema, "Kama yule wa darajani," na wote wanaangua kicheko mpaka wanashika mbavu. Na mimi nikacheka, nikachelewa kidogo. Kipara akanigeukia akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kama namfahamu yule wa darajani. Ikabidi niseme hapana.

Hema lilikuwa la watu watatu, hivyo nikatandika nyuma ya pikapu chini ya turubai. Nikawasikia wakiingia, wakisukumana, wakimlaumu Shemeji kwa miguu yake. Halafu zipu ikapanda, laini, bila kukwama mahali popote. Nimetengeneza zipu nyingi maishani mwangu, lakini hiyo ndiyo ya kwanza kunifungia nje.

Kesho yake asubuhi nikachukua sufuria nikaenda kuliosha upande wa chini wa mto, maana mtu aliyejileta hana budi kufanya kazi. Wao walikuwa wanachimba minyoo ya chambo nyuma ya matete, hawakujua kama niko karibu hivyo. Kipara alikuwa anauliza.

"Huyu mzamiaji umemtoa wapi?"

"Nilimwambia karibu tu," mwalimu akasema. "Sikujua kama atakuja."

Shemeji akasema mwacheni jamani, anaosha vyombo vizuri. Wakacheka, si kwa ubaya, wakarudi kwenye minyoo yao. Mimi nikabaki na lile neno. Karibu tu. Nililijua tangu kibandani, nimekuambia, lakini kujua ni kitu kimoja na kulisikia likitamkwa ni kingine. Nililisugua lile sufuria kwa mchanga hadi likang'aa kuliko siku lilipotoka dukani. Nikafikiria kuondoka kwa miguu. Lakini barabara ilikuwa mbali, na blanketi langu lilikuwa hemani mwao, wameliweka lisilowe na umande. Nikarudi na sufuria.

Mchana mwalimu akanipa ufito wenye mshipi na ndoana, akanionyesha jinsi ya kurusha. Unaupeleka ufito nyuma, unatulia, unarusha mbele. Nikaupeleka nyuma. Nilipotaka kurusha mbele nikahisi uzito, uzito wa maana, nikasema leo ni leo, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Ilikuwa kaptura ya Kipara. Alikuwa nyuma yangu ameinama anaweka chambo, ndoana ikamnasa kiunoni, na nilivyovuta ikateremka yote mpaka magotini.

Mto ulikuwa unapita tu. Nikaona sasa ndiyo nimekwisha, mtu hujanialika, nimekaa kwenye boksi lako, na nguo nimekuvua mbele ya wenzako. Shemeji, aliyekuwa amelala na kofia usoni, akainua kofia akaangalia.

"Si amesema amekuja kuvua," akasema. "Mlitaka avue nini?"

Mwalimu akaanguka chini kwenye nyasi. Kipara akapandisha kaptura kwa mkono mmoja, wa pili bado umeshika mnyoo, na uso wake ukapigana na kicheko mpaka ukashindwa.

"Haya, fundi," akasema, "umeshaivua. Zipu umeionaje?"

Nikamwambia kichwa kimelegea. Ndivyo nilivyopata jina. Mvua Suruali, lete chumvi. Mvua Suruali, ukirusha tuambie tushike viuno. Kipara kila akipita nyuma yangu alitembea ameshika kaptura kwa mikono miwili kama mtoto anayetaka choo, na wenzake wanamalizika kwa kicheko upya.

Mtu mwingine angefurahi. Mtu asiyetakiwa hataniwi, huachwa akae kimya na adabu zake. Hilo nalijua, na wengine nimewafundisha. Lakini nilikuwa na ile "tu" sikioni kama maji baada ya kuogelea, na kila kicheko nilikipima kama ni cha pamoja na mimi au cha kunipitishia muda. Jioni mwalimu akainuka kwenye kiti chake, akaniambia nikae, ati mgongo wake unataka ardhi. Nikasema sina shida, boksi linanitosha. Akasisitiza. Nikakataa. Asubuhi tulipopata kambare mkubwa, Shemeji akaniita tupige picha wote. Nikasema lete simu niwapige mimi, lazima mtu awepo wa kushika simu. Wakati wa kurudi Kipara akaniambia nikae mbele, kwamba Shemeji atapanda nyuma, akilala huko ni kama yuko kwao. Nikashukuru, nikapanda nyuma. Nilitaka waone kwamba mimi si mtu wa kujipendekeza. Nadhani waliona.

Waliponishusha kwenye kona ya soko, mwalimu naye akashuka. Alinisindikiza mpaka mlangoni pa kibanda, na mzigo wangu ulikuwa blanketi moja. Akasimama, akashikashika vumbi juu ya meza yangu.

"Mwakani karibu, bwana fundi. Wiki ileile, shule zikifungwa."

Mara hii nilikuwa tayari. Nikamjibu jinsi nilivyopaswa kumjibu tangu mwanzo.

"Asante, mwalimu. Siku nyingine."

Akaniangalia kidogo. "Haya," akasema. Akasimama tena. "Basi, haya." Akaenda. Mimi nikafungua mlango wa kibanda nikijipongeza: nimemwondolea mzigo, nimeonyesha kwamba nina adabu za watu wazima. Jioni nilikula nimesimama.

Mwaka ukapita. Shule zilipofungwa nikajiambia sisubiri mtu, na Ijumaa hiyo nikawa na kazi zote za upande unaotazama barabara. Pikapu ikatokea. Hema nyuma, boksi nyuma, wao watatu mbele. Kipara akapiga honi, na kwenye kona ile gari likapunguza mwendo mpaka likawa kama limesimama. Nikainamia begi lililokuwa mezani, nikabana kichwa cha zipu ambacho nilikuwa nimeshakibana, hadi nikasikia gari limeondoka. Lile hema halikurudi kwangu hata mara moja. Zipu ilikuwa imepona kabisa. Ndiyo mara ya kwanza nilipoichukia kazi yangu nzuri.

Miezi kadhaa baadaye akaja mke wa mwalimu. Tunamwita Mama Pacha, na mikoba yake naifahamu kuliko anavyoifahamu yeye. Alikuwa amebeba mfuko mrefu mwembamba. Akaniambia mwalimu amehamishwa, yuko shule ya mbali huko, ametangulia, na yeye na pacha wanamfuata kesho na lori la vyombo. Nikampa pole ya safari. Akauweka mfuko mezani.

"Zipu imekwama," akasema. "Imeingia mchanga. Kimekwenda mtoni kikarudi hakijafunguliwa."

Nikamwuliza kitu gani.

"Si kiti chako."

Nilikuwa nimeshika koleo, nikaliweka chini. Mama Pacha alidhani habari hizo ninazo, akawa anasimulia kama mtu anayenikumbusha. Baada ya safari yangu walinunua kiti cha nne. Mwalimu alirudi nyumbani Jumapili ile amenyong'onyea, akasema fundi amekataa, labda wamemtania kupita kiasi kwa mambo ya suruali, labda ameona wao ni watu wa ovyo. Shule zilipofungwa Kipara akasema kiti kipakiwe hivyohivyo, pengine wakipita sokoni fundi atakuwa barabarani. "Wakapunguza mwendo," akasema Mama Pacha, "ukainama." Basi kiti kikaenda na kurudi mfukoni mwake. Wanakiita kiti cha Mvua Suruali. Mama Pacha akasema maana yake haijui mpaka leo, kwa sababu kila wakitaka kumweleza wanaanza kucheka kabla hawajafika mwisho.

Nikakumbuka yule wa darajani. Kumbe na mimi nilikuwa nimeshaingia huko, kwenye mazungumzo yaliyokatwa mikia, mwaka mzima, wakati nakula nimesimama.

"Amesema nikuachie, ni chako," akasema Mama Pacha. "Nimwambie nini?"

Nikalichukua tena koleo.

"Mwambie nilidhani ni karibu tu."

Akasubiri niendelee, akaona siendelei, akaniaga kwa mikono miwili akaenda kufunga vyombo vyake.

Ile zipu ilinichukua muda kuliko inavyostahili. Nilikung'uta mchanga, nikasugua mshumaa, nikaona macho yangu hayanisaidii, nikapumzika, nikaanza tena. Kiti kilikuwa kipya, cha kijani, bado na harufu ya dukani. Nikakikunjua, nikakaa. Kilinitosha.

Sasa, duka la Kipara liko mtaa wa pili, halijahama. Kwa siku nyingi nilipita ng'ambo ya barabara nikijifanya naangalia ndoo. Jana mchana nikapita upande wake. Alikuwa peke yake nyuma ya kaunta, kati ya mabomba, anakula kwenye sahani ndogo. Akainua kichwa akaniona.

"Karibu," akasema.

Nilisimama pale mlangoni. Nilimtazama usoni, nikaitafuta ile "tu", na Mungu ni shahidi, sikuweza kujua kama ipo au haipo. Hata sasa sijui. Nikaingia, nikavuta boksi la pampu, nikakaa.

Kipara akaitazama sahani, akanitazama mimi. Akashika kaptura yake kwa mkono mmoja, akainuka, akaenda kutafuta kijiko cha pili.